Mstari Mweupe Juu ya Bolti

Tangu wamzike mwanawe, Mzee Springi alikuwa akifika kituoni hata kabla ya wafagiaji. Alikaa kwenye benchi lilelile mbele ya kaunta, kofia magotini, mgongo wima, na askari yeyote aliyepita karibu alipata swali lake.

"Aliyeharibu breki za mwanangu mmeshampeleka mahakamani?"

"Bado, mzee," sajini wa kaunta alijibu bila kuinua kichwa. "Leo saa nane."

"Basi saa nane nitakuwa hapahapa."

Inspekta aliyekabidhiwa faili hilo alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye ulimi ambao ulimpatia jina la Sindano kwa kituo kizima, na yeye mwenyewe aliligundua jina hilo siku alipolikuta limeandikwa kwenye kikombe chake cha chai. Aliyasikia maneno ya mzee akiwa mlangoni, akapita haraka asije naye akaulizwa. Hakuwa na jibu, na kitu ambacho Sindano hakukipenda duniani ni kusimama mbele ya mfiwa bila jibu.

Ofisini, mkuu wa kituo alikuwa ameshaliweka faili mezani na kalamu juu yake.

"Weka sahihi."

"Nina swali moja, afande."

"Wewe siku zote una swali moja. Mwendesha mashtaka anasubiri."

Kesi yenyewe mtaani ilikuwa imeshaamuliwa. Bingwa wa mashindano ya baiskeli za milimani, aliyeitwa Mwewe kwa jinsi alivyoshuka miteremko, alikuwa amekosa breki kwenye mteremko mkuu, akaruka ukingo na kuangukia mawe. Breki zile zilikuwa mpya. Alikuwa amefungiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa baiskeli mwenye duka mtaa wa pili. Siku chache kabla ya mashindano wawili hao waligombana mbele ya duka hadi wakashikana mashati, na watu walikuwepo, wakaona, na wakatia chumvi. Ripoti ya fundi wa magari wa kituo nayo ilikuwa fupi: mkono wa breki ya mbele umekwama, mipira ya ndani imeharibika, mafuta yapo na ni ya kawaida, kosa ni la aliyefunga.

"Breki ya mbele imefungwa vibaya," Sindano alisema. "Ya nyuma je?"

Mkuu alifungua ripoti, akaifunga. "Ya nyuma haina tatizo."

"Mtu mmoja, siku moja, kazi moja. Mbele aharibu, nyuma apatie?"

"Labda alitaka kuua kwa breki moja tu."

"Mtu anayetaka kuua hafanyi nusu, afande."

Mkuu alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye kwa macho ya mtu anayejuta kuajiri wanawake werevu. "Saa nane," alisema. "Ikifika saa nane faili linaondoka, liwe na sahihi yako au yangu."

*

Chumba cha vielelezo kilinuka vumbi na betri za zamani. Baiskeli ya marehemu ilikuwa imeegemezwa katikati ya televisheni za wizi, rangi yake ya samawati ikiwa imechubuka ubavu mzima. Koplo, msaidizi wa Sindano, jamaa mnene mcheshi ambaye hata ngazi za kituo zilimtoa jasho, aliinyanyua na kuishikilia wima.

"Watu wanapandisha kitu hiki mlimani kwa hiari yao," alisema. "Halafu sisi ndio tunaitwa wagumu wa kichwa."

Sindano hakucheka. Alibonyeza mkono wa breki ya nyuma. Uliingia kidogo, ukagota mahali pagumu, na alipouachia ukarudi papo hapo. Akabonyeza tena kwa kidole kimoja tu, Koplo akajaribu kulisukuma gurudumu kwa nguvu zake zote, na gurudumu halikusogea hata chembe.

"Mama yangu," Koplo alisema. "Kidole kimoja?"

Mkono wa breki ya mbele ulikuwa umelala kwenye usukani kama umekata tamaa. Sindano aliuvuta nje kwa vidole, akauachia, ukabaki hapohapo alipouacha. Diski ya mbele, sahani ile ya chuma inayobanwa na pedi ili gurudumu lisimame, ilikuwa kubwa kuliko ya nyuma, na rangi yake imegeuka buluu na zambarau. Chuma hakigeuki rangi hiyo bila moto mkali.

Alimwita mtunza vielelezo asimame kama shahidi, kisha fundi wa magari wa kituo, aliyekuja akifuta mikono na kununa.

"Nimeshaandika ripoti, afande."

"Nimeisoma. Sasa nitolee mafuta kidogo. Ya mbele kwenye chupa hii, ya nyuma kwenye hii."

Mafuta ya mbele yalitoka yenye rangi ya asali nyepesi. Fundi wa magari aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ndivyo alivyosema, mafuta ya breki, ya kawaida kabisa. Alipofungua ya nyuma mkono ukamsita. Yalitoka mekundu kama sharubati.

"Haya sijui ni kitu gani," alisema polepole.

"Ulifungua ya nyuma ulipofanya ukaguzi?"

"Ya nyuma ilikuwa nzima."

"Sikukuuliza kama ilikuwa nzima."

Fundi wa magari akakodolea macho viatu vyake. Sindano alimwamuru atoe na mipira ya ndani ya breki zote mbili, kila mmoja uingie bahasha yake, kisha akainama kwenye kalipa ya mbele, kile kichwa cha breki kinachobeba pedi. Juu ya bolti ndogo ya kutolea hewa kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe. Ulianzia kwenye kichwa cha bolti ukavuka hadi kwenye mwili wa kalipa, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Rangi ya kiwandani," Koplo alisema.

"Kiwanda kipake bolti ya mbele, kisahau ya nyuma?" Aliupiga picha kwa simu. "Yule mpanda baiskeli mwingine amefika?"

"Yuko chumba cha mahojiano. Analowa jasho kuliko mimi."

*

Walimwita Kinyonga, kwa kuwa kila msimu alikuwa na jezi ya timu nyingine. Siku zote alikuwa wa pili nyuma ya Mwewe, na shahidi mmoja alimwona ameinamia baiskeli ya marehemu asubuhi ya mashindano wakati mwenyewe ameenda kuchukua namba yake.

"Ulikuwa unafanya nini pale?" Sindano aliuliza hata kabla hajavuta kiti.

"Nilikuwa natazama."

"Unatazama nini?"

"Breki. Mama, msimu mzima yule mtu alikuwa ananiacha kwenye miteremko. Nguvu za kupanda tunalingana, hata mkimuuliza kocha. Lakini kwenye kona mimi naanza kupunguza mwendo kule mbali, nimebana mikono mpaka vidole vinakufa ganzi. Juma lile kabla ya mashindano tulifanya mazoezi njia moja, nikamwona anaingia konani mzimamzima kama mwendawazimu, anagusa kwa kidole kimoja, baiskeli inatulia, anaondoka. Nikajua amebadilisha kitu. Nilitaka kujua ni nini."

"Ukazigusa."

"Nilibonyeza tu."

"Ya mbele?"

"Ya mbele."

"Ikarudi?"

Nje mtu aliburuza meza sakafuni, na wote watatu, Koplo akiwa mlangoni, wakasubiri kelele ile iishe.

"Nimekuuliza, ikarudi?"

"Ilirudi polepole. Kama mtu anayeamshwa hataki kuamka."

"Wewe ni mpanda baiskeli. Breki isiyorudi maana yake nini?"

"Maana yake ni mbovu."

"Mwenye baiskeli aliporudi ulimwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Kinyonga aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, na Sindano alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja. "Nilitaka kushinda," alisema.

Kwenye korido Koplo alikuwa anasugua viganja. "Tumempata, afande! Alikuwepo, alizigusa, na sababu anayo. Kule kunyamaza ni danganya toto. Tumwachilie fundi, tumuweke huyu."

"Huyu ametuambia mwenyewe kwamba breki ilikuwa imeshaanza kuugua asubuhi ile."

"Anajitetea."

"Kwa kujiaibisha hivyo?" Sindano alitazama simu yake. Saa nane ilikuwa inakuja mbio. "Mlete fundi."

*

Fundi wa baiskeli aliletwa akiwa na shati la siku aliyokamatwa. Kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa grisi. Chakula cha kituo hakukigusa, na tangu dada yake akatae kuja kumwona, maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

"Nimeshawajibu haya yote, afande."

"Nijibu tena. Ulitaka shemeji yako aache mashindano. Mbona ukamfungia breki za kumfanya akimbie zaidi?"

"Zilikuwa za kumsimamisha." Alifikicha uso kwa mikono miwili. "Mwaka jana alivunjika bega. Dada yangu ni mjamzito. Nilimsihi aache, akakataa katakata. Nikasema basi, kama haachi, angalau awe anasimama pale anapotaka kusimama. Breki zake za zamani zilikuwa na pistoni mbili, nikampa za pistoni nne. Mbele nikamwekea diski kubwa. Pedi mpya, mpira mpya wa mafuta, kila kitu."

"Na ugomvi?"

"Alirudi baada ya siku mbili, ananiambia mkono unaingia mbali, husikii kitu. Nikamwambia pedi mpya hazijazoeana na diski. Zinataka kuzoeshwa, ukimbie, upunguze, ukimbie, upunguze, mara nyingi, ndipo zinashika sawasawa. Yeye hana subira. Akasema nimeacha hewa ndani makusudi ili aogope kushindana. Makusudi, afande! Mimi! Tukashikana." Aliinamisha kichwa. "Nikamwambia aende kwa fundi mwingine. Ndilo neno la mwisho nililomwambia."

"Uliweka mafuta gani?"

"Mekundu. Ya madini. Breki zile hazitumii mengine."

"Mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma, chupa moja."

Sindano aliziweka zile chupa mbili mezani. Fundi aliitazama ile nyekundu bila mshangao. Alipoishika ya njano, akafungua na kunusa, alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka, na Koplo akamwekea mkono begani.

"Nani kaweka haya? Haya ni ya magari! Yametoka wapi?"

"Breki ya mbele."

"Yanaua mipira! Mipira ya breki zile haiyawezi kabisa, inavimba." Akakaa chini baada ya Koplo kumsimamishia kiti.

"Tunaye mtu aliyeigusa breki hiyo asubuhi ya mashindano," Koplo alisema kwa upole. "Tuambie tu kwamba inawezekana ni yeye, mambo yako yatakuwa mepesi."

Fundi aliyatazama madirisha yenye nondo, akaitazama chupa.

"Ningependa sana awe yeye," alisema mwishowe. "Lakini haiwezekani. Mpira hauvimbi kwa saa moja, unachukua siku kadhaa. Na siku za mwanzo breki inakuwa tamu ajabu, ngumu, inashika, mtu anaipenda. Ndipo mpira unaanza kuvimba. Mkono unachelewa kurudi, pedi zinaing'ang'ania diski hata hujabonyeza, diski inapata moto, na ukifika kwenye mteremko mrefu mafuta yanachemka, unabonyeza hupati kitu." Aliisogeza chupa mbali naye. "Tena huyu hakuongezea kidogo juu. Ametoa yangu yote na kujaza haya bila kuacha hewa. Ni kazi safi. Ni fundi huyo, afande, fundi wa kweli. Ila si wa baiskeli."

Sindano alimsogezea simu yenye picha ya bolti. "Na alama hii nyeupe ni yako?"

"Mimi siweki ala..."

Aliitazama picha ile, na Sindano, aliyekuwa amekaa mbele ya waongo na wakweli miaka mingi, akaona uso wa mtu ukifungwa kama duka. Fundi aliirudisha simu taratibu upande wa pili wa meza.

"Umewahi kuiona wapi?"

"Sijui."

"Fundi, saa nane unapelekwa mahakamani kwa kuua."

"Sijui, afande. Nirudisheni ndani."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na alikuwa hata hajui kuusema vizuri. Sindano alikusanya chupa zake. Mtu aliyekuwa anapigania shingo yake dakika moja iliyopita alikuwa ameamua kuiachia, na watu hawafanyi hivyo kwa ajili ya mgeni.

Alitoka hadi kaunta. Mzee Springi alikuwa benchini.

"Mzee, baiskeli ilikuwa inalala wapi?"

"Nyumbani kwangu, kwenye stoo. Tunaishi pamoja."

"Naomba unipeleke nikaione."

Mzee alivaa kofia yake mara moja, kwa furaha kidogo, kama mtu ambaye hatimaye ametafutiwa kazi.

*

Sindano aliuona mstari wa kwanza kabla gari halijazimwa. Ulikuwa kwenye bawaba ya geti, mweupe, umevuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Wa pili ulikuwa chini yake. Ndani ya ua, kwenye miguu ya mnara wa tangi la maji, kila bolti ilikuwa na wake. Kitanda kidogo cha mtoto, kipya, kilichoanikwa kivulini ili rangi ikauke, kilikuwa nayo pembe zote nne. Alitamani arudi garini, aseme amesahau kitu, aondoke.

Koplo naye aliiona. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

Mjane alitoka jikoni, tumbo mbele, mikono ina unga wa sabuni. "Baba, kuna nini? Wameshampeleka?"

"Saa nane, mwanangu. Inspekta anataka kuona stoo tu."

"Sitaki kusikia habari zake," mjane alisema, akaingia ndani. Lakini mlango hakuufunga.

Stoo ilikuwa safi kuliko ofisi ya mkuu wa kituo. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa wake, na chini ya dirisha kulikuwa na meza ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani. Pembeni mwa meza rangi ilikuwa imeinuka na kujikunja, kama rangi iliyodondokewa na mafuta ya breki za magari, matone hapa na pale, na katikati ya matone duara moja la ukubwa wa kitako cha chupa.

"Hii mistari myeupe," Sindano alisema, "ni kazi yako, mzee?"

"Yangu!" Mzee alinyooka. "Nimefunga malori ya mizigo maisha yangu yote. Nikishaikaza bolti, napaka mstari. Siku mstari ukikatika katikati, unajua bolti imelegea, hungoji ajali. Walinicheka, wakaniita majina. Lakini hakuna dereva aliyewahi kufa kwa mkono wangu, mama. Muulize yeyote."

Koplo aligeukia dirisha.

"Na baiskeli ya mwanao uliishika?"

"Niliirekebisha! Si ndiyo nawaambia kila siku kwamba yule mpumbavu hakujua kazi?" Mzee alikuwa ameshapata moto, anasimulia kwa mikono. "Mwanangu alikuja hapa amekasirika, wametoka kugombana. Akaniambia, baba, breki laini, mkono unaingia mpaka katikati. Nikajua ni hewa. Nikamwambia lete. Nikatoa ule uchafu mwekundu uliokuwemo, sijui ni rangi ya nini, nikaweka mafuta mazuri ya breki, yaleyale niliyoyatumia kwenye malori. Nikapiga pampu mpaka hewa ikaisha yote. Ikawa ngumu kama jiwe! Akazunguka ua huu mara moja, akabonyeza, tairi la nyuma likainuka. Akacheka. Akanikumbatia hapahapa uliposimama. 'Baba, hii sasa ndiyo breki.' Nilitaka nimfanyie na ya nyuma, chupa ikawa imeisha."

Alinyoosha mkono chini ya meza, akatoa chupa tupu na kuiweka juu. Ilikaa ndani ya lile duara barabara.

"Mbona hukutuambia haya?"

"Niwaambie nini? Kwamba nilisahihisha kosa la mwingine?"

Sindano alifungua bahasha mbili za vielelezo, akaweka juu ya meza vipira viwili vyeusi vya mviringo, vidogo kuliko pete.

"Hivi ni vya mikono ya breki zile mbili," alisema. "Vilitoka kiwandani vikiwa sawa. Wewe ni fundi, mzee. Nieleze unachokiona."

Mzee alivaa miwani. Alikichukua cha kwanza, akakibonyeza, akakirudisha. "Hiki kizima." Alikichukua cha pili. Kilikuwa kimenenepa na kulegea kama haragwe lililolowekwa. Alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akakichoma kwa ukucha, akakinusa, na uso wake ukawa wa mtu aliye kazini.

"Hiki kimevimba. Kimewekewa mafuta yasiyo yake. Naijua kazi hii. Niliwahi kumfukuza mtu gereji, aliweka mafuta ya injini kwenye breki za lori. Mipira ilivimba hivihivi. Breki zikakataa kuachia, zikashika moto barabarani. Nilimwambia wewe ni muuaji, toka..."

Alisimama hapo. Kipira kilikuwa bado kati ya vidole vyake viwili. Kilikuwa na harufu aliyoifahamu tangu ujana wake, na aliinusa tena, polepole sana.

"Hiki ni cha wapi?"

"Mbele," Sindano alisema.

"Na mafuta yale mekundu?"

"Ndiyo yaliyokuwa yake. Hewa haikuwepo, mzee. Pedi zilikuwa mpya tu. Zilihitaji siku mbili tatu za kuzoeshwa."

Mzee alitazama chupa tupu, akatazama spana zake ukutani, moja moja, kana kwamba mojawapo ingemtetea. Koplo alimshika bega na kumkalisha juu ya sanduku la vifaa. Sindano alisikia mtu anapumua kwa shida nyuma yake. Mjane alikuwa mlangoni, amejishika kwenye fremu, na kutokana na uso wake ilikuwa wazi kwamba alikuwa hapo muda mrefu.

"Kaka alijua?" mjane aliuliza.

"Leo asubuhi nilimwonyesha picha ya mstari," Sindano alisema. "Akaomba arudishwe ndani."

Mjane aliziba mdomo kwa mikono yake yenye sabuni na kulia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mzee Springi aliinua kichwa akamtazama mkwewe, na tumbo lake, na kwa muda ilionekana kwamba hataweza kusimama tena. Kisha akasimama.

"Mwanangu," alisema, "vaa viatu. Twende tukamtoe kaka yako."

*

Saa nane ilikuwa inakaribia waliporudi kituoni. Gari la mahakama lilikuwa limeshawashwa nje, na mkuu wa kituo alikuwa ameshika faili kwenye korido. Sindano alimwinulia mkono kumwomba asubiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kazi, mkuu alisubiri bila kuuliza.

Mzee alipita benchi lake bila kulitazama. Alienda moja kwa moja hadi kaunta, mkwewe nyuma yake. Sajini alikuwa anaandika, na alimjibu kwa mazoea kabla hajaulizwa.

"Bado kidogo, mzee. Wanamtoa sasa hivi."

"Mwacheni," Mzee Springi alisema. "Aliyeharibu breki za mwanangu nimemleta mwenyewe."

Sajini aliinua kichwa. Alitazama nyuma ya mzee, akamwona mjane tu, na Koplo anayetazama sakafu.

"Yuko wapi?"

Mzee alivua kofia akaiweka pembeni. Kisha akaweka mikono yake miwili juu ya kaunta, viganja juu, karibu kabisa na daftari, mahali ambapo sajini asingeweza kukosa kuiona.